Shosho Aliyesikia Kura

12 Januari 1988

Kitu hiki sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama alipokuwa hai: mimi si mnyamavu.

Watu wa mtaa wetu hapa Eldoret husema, Wahu wa Gathogo ni mtoto mpole, haongei ovyo. Walimu nao huandika hivyo kwenye ripoti. Ukweli ni kwamba kila neno lenye l au r nalipima kwanza mdomoni kabla ya kulitoa, na nikimaliza kulipima, mazungumzo yameshaenda mbele, yananiacha. Darasa la sita nilisimama kusoma mbele ya mgeni, nikasoma "lala salama" kama "rara sarama". Darasa lilicheka mpaka mgeni akatoa leso. Tangu siku hiyo nafanya mazoezi peke yangu, Baba akiniachia duka. Lori. Rula. Lulu. Ruhusa. Naziambia sabuni na mikebe ya mafuta. Peke yangu naweza. Mbele ya mtu, ulimi unakuwa na akili zake.

Kwa kompyuta sina shida hiyo. Pale kwenye vibonye, l ina mahali pake na r ina mahali pake, na hakuna mtu anayesikia kidole changu kikitafuta.

14 Januari

Vumbi. Upepo unatuletea mashamba ya watu mpaka ndani ya sukari.

16 Januari

Niandike vile ilivyo. Mwalimu wa kujitolea aliyetoka Uingereza alirudi kwao Desemba, akaiachia shule kompyuta moja, tivi ya kuionyesha, redio ya kaseti ya kutunza programu, na ufunguo. Ufunguo alinipa mimi kwa sababu nilikuwa katibu wa klabu. Wanachama wengine walikuwa wanakuja kwa biskuti zake. Biskuti ziliisha, klabu ikaisha.

Nimebaki na chumba. Zamani kilikuwa stoo ya vyerehani, bado kina harufu ya mafuta ya mashine. Humo ndani nimetengeneza watu watatu. Ukibonyeza moja unaongea na Shosho, yaani nyanya, mbili ni Kaka wa Nairobi, tatu ni Sista. Unaandika sentensi, wanakujibu. Siri yao ni ndogo tu. Kiswahili kinasaidia, maana "mimi" inakaa mwanzo wa kitendo. Ukiandika "ninaogopa", Shosho anakata ni, anaweka u: "KWA NINI UNAOGOPA, MJUKUU WANGU?" Ukiandika "sijalala", anakata si, anaweka hu. Hajui lolote. Lakini ukikaa naye jioni shule ikiwa tupu, unaona kama kuna mtu amevuta kiti.

Kuna jambo moja nililichagua mwenyewe. Mashine haitunzi maneno ya mtu. Ukimaliza nabonyeza, yanafutika. Nisingependa yangu yatunzwe.

20 Januari

Leo Akello wa darasa letu aliingiza kichwa mlangoni. Akello hukaa dawati la nyuma na husikika mpaka la mbele.

"Wewe bubu, unafanya nini huku peke yako? Unafuga jini?"

Nikamwonyesha kiti. Akabonyeza moja, akaandika: Nini? Shosho akajibu: "KWA NINI UNI, MJUKUU WANGU?"

Akello alianguka kwa kicheko. "Aki huyu Sosho amelewa!"

"Shosho," nikasema. Sijui ilinitokaje.

"Si ndio nimesema. Sosho." Akaniangalia. "Ati unanicheka? Nyinyi mnaokura mbuzi? Sisi tunakula samaki, na tunajua ni kula."

Hakuwa mbaya. Ni mimi niliyefunga mdomo tena. Nimeshaitengeneza hiyo "nini".

27 Januari

Sasa wakati wa chakula cha mchana wasichana wanasimama nje ya stoo. Kaka wa Nairobi ameulizwa kama ana gari. (Nilimwandikia ajibu: "LIKO GARAJI, MREMBO.") Sista hana wateja sana. Shosho ndiye anamaliza watu. Wanacheka, halafu wanaanza kuandika polepole, halafu wananiambia niangalie dirishani. Naangalia dirishani. Wakitoka wananipita kama fremu ya mlango.

Kila jibu wanalopewa nililiandika mimi. Kwa hivyo wanaongea na mimi, na hawanijui.

3 Februari

Kuna Waceke. Anakaa mbele yangu darasani, mrefu, soksi zake safi kuliko za mtu yeyote. Alituambia baba yake amehamishiwa Thika na kiwanda. Huja wa kwanza, wengine wakiwa bado wanalamba sahani, na huongea na Shosho tu. Leo alipomaliza alisema, "Asante."

Nikasema, "Karibu."

Akashtuka. Alikuwa anaiambia tivi.

8 Februari

Mji mzima ni siasa. Tarehe ishirini na mbili watu watapiga kura kwa kupanga mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya picha ya mtu wake, wahesabiwe. Magari ya vipaza sauti yanapita mpaka Baba anafunga dirisha la duka. Akello amekuja na mradi: "Muulizeni Sosho yeye atapanga nyuma ya nani!" Basi nikamwongezea Shosho kitu. Akiona herufi k-u-r-a zimefuatana mahali popote kwenye sentensi, anaacha mengine yote, anauliza: "UNGEPANGA NYUMA YA NANI, MJUKUU WANGU?"

Akello akajibu, nyuma ya mpishi, kwa foleni ya maharagwe. Walicheka hadi nje. Ni mara ya kwanza maishani nimechekesha watu kwa kukusudia.

11 Februari

Akello aliandika habari za "kurasa za Baiolojia", Shosho akamuuliza angepanga nyuma ya nani. Ni zile herufi. Nitarekebisha Jumamosi.

13 Februari

Sikurekebisha. Baba alienda Ainabkoi kuchukua viazi, nikauza dukani siku nzima. Lori. Rula. Lulu.

22 Februari

Hakuna shule. Kutoka dukani niliona mlolongo kule uwanjani, watu wamesimama juani, kila mmoja anajua jirani yake yuko nyuma ya nani. Baba alienda, akarudi viatu vyekundu kwa vumbi, akanawa, akasema, "Tumehesabiwa." Baadaye mzee mmoja aliyekuja kununua sukari alisema kitu kwa sauti ya chini. Baba alimwongezea sukari kidogo kwenye karatasi.

23 Februari

Nimefunga mlango kabla ya kuandika.

Saa ya chakula nilikuwa na Waceke peke yake kwenye stoo. Mwalimu wa Baiolojia akanituma nimbebee vitabu. Nikamwambia Waceke, "Nitarudi nifute." Nilichelewa, kengele ikalia. Niliporudi Waceke hakuwepo, na mbele ya tivi alikuwa amesimama Mwalimu Kituyi, deputi wetu, naibu wa mwalimu mkuu, mikono nyuma kama mtu aliye kwenye maziko.

Kwenye tivi kulikuwa na maneno haya, nayakumbuka yote:

SHOSHO SIJAKURA TANGU JANA
UNGEPANGA NYUMA YA NANI, MJUKUU WANGU?
NYUMA YA MTU YEYOTE. HATA NYUMA YA MBWA.

"Nani ameandika hii?"

"Sijui, mwalimu."

Aliyasoma kwa sauti, neno moja moja, kama anayesomea viziwi. Halafu akang'oa waya ukutani. Tivi ikabaki na nukta nyeupe, nayo ikazima.

"Mtoto wa shule hapigi kura," alisema. "Haya ni maneno ya nyumbani. Kuna mzazi ambaye jana hakupanga mlolongo. Tena anaita watu mbwa."

Nilielewa palepale. Waceke huandika vile anavyoongea, na anaongea kama mimi ninavyoongea nisipopima. Hakusema hajapiga kura. Alisema hajala. Tangu jana. Shosho, mjinga wangu, akaona herufi zangu nne akamuuliza habari za mlolongo, naye Waceke akafikiri anaulizwa foleni ya chakula. Akajibu kama mtu mwenye njaa anavyojibu.

Ningesema hivyo. Lakini ningesema ni nani?

24 Februari

Kwenye parade ya asubuhi Mwalimu Kituyi alitangaza. Kuna msichana ameandika uchochezi kwenye kompyuta ya shule. Mpaka Ijumaa ajitokeze. "Asipojitokeza, nitapeleka jina la kila aliyeingia chumba kile, na la baba yake, kwa watu wanaojua kuuliza." Akello alikuwa kando yangu. Hakufanya mzaha wowote.

Nilimkuta Waceke kwenye mfereji wa bomba, anakunywa maji. Alikunywa muda mrefu sana. Sasa najua ni kwa nini.

"Ni kula," nikamwambia. "Mwambie tu ni kula. Ataelewa."

Akajipangusa mdomo. "Umeyasoma?"

"Deputi ndiye aliyasoma. Mimi nilikuwa hapo."

"Ulisema unafuta."

"Nilitumwa vitabu," nikasema.

"Baba hayuko Thika, hiyo niliwaambia nyinyi wa darasa tu," alisema. "Yuko nyumbani. Walimwachisha kazi kabla ya Krismasi, na muhula huu hakunilipia chakula cha shule. Kila asubuhi anavaa ile ovaroli anatoka, ili majirani wamwone akienda. Anarudi jioni. Sijui huwa anakaa wapi."

"Basi sema. Watakupa chakula."

"Wewe Wahu, wewe baba yako ana duka." Hakusema kwa hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Baba akisikia nimetangaza hatuli, atakufa na aibu. Wakimshika kwa siasa, angalau watakuwa wameshika mwanaume."

"Waceke, watu huwa hawarudi."

"Najua."

Akafunga mfereji, akaukaza, akaenda.

25 Februari

Sikusema. Vumbi. Baba aliuliza kama nina homa.

26 Februari

Niandike yote leo, hata kama ni mengi.

Nilikwenda ofisini kwa deputi kabla ya kengele ya mapumziko. Akello alikuwa nje, amepewa adhabu ya kupangusa madirisha ya ofisi. Mwalimu Kituyi alikuwa na kikombe cha chai kilichoota utando. Mimi huwa namwogopa. Ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na anajua majina ya baba zetu wote.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe ni nini?"

"Mimi ndiye niliandika. Na si kura, mwalimu. Ni kula. Chakula."

Akaweka kalamu chini.

"Sema tena."

"Kula."

"Tena."

"Kula."

"Unaona? Unasema vizuri kabisa, kama mtu wa redio. Basi hukukosea. Wahu, mimi si mjinga. Unamfunika nani?"

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Miaka yote naibembeleza ile l, naiambia sabuni, naiambia mikebe, inikubali mbele ya watu hata siku moja. Na siku iliyonikubali ni leo.

Nyuma ya kioo Akello alikuwa ameacha kupangusa.

Basi nikaacha kupima. Sikuigiza. Watu watafikiri niliigiza, lakini nilifungua tu mlango, na sauti ya nyumbani ikatoka, sauti ya Mama.

"Mwarimu, nirikuwa na njaa," nikasema. "Sijakura. Mashine ikaniuriza nitapanga nyuma ya nani, nikafikiri ni raini ya chakura. Nikasema hata mbwa akiwa mbere yangu nitapanga tu."

Alicheka. Alijaribu kuzuia kwa mkono, kicheko kikapita kati ya vidole. "Raini ya chakura!" Alicheka mpaka machozi, na nje ya dirisha nikasikia Akello naye ameshindwa. Nilisimama pale, masikio yakiwaka, kama niko darasa la sita.

Halafu kile kicheko kikafa usoni mwake polepole.

"Ngoja. Wewe si mtoto wa Gathogo? Gathogo ambaye mimi hununua mkate kwake?"

"Ndiyo."

"Na unalala njaa?"

Kunyamaza ndicho kitu ninachokijua. Nilimwacha aangalie kunyamaza kwangu, afikirie anavyotaka.

Akatoa leso akapangusa macho, halafu shingo, halafu viganja. Viganja vilikuwa vimelowa. Ndipo nilipoona kwamba naye anaogopa. Aliongea taratibu, si kwa ile sauti ya ng'ombe.

"Unajua nimelala vipi siku hizi? Mtu akiona kitu cha namna ile asikipeleke, kinakuwa chake. Akikipeleka, kinakuwa cha mtoto wa watu." Akakunywa ile chai baridi yote. "Kula. Mungu wangu. Kula!"

Nilikuwa nadhani anafurahia kutuwinda. Kumbe alitupa hadi Ijumaa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anaitaka Ijumaa.

Alichukua ufunguo wangu. Stoo itafungwa mpaka shule itakapoamua, na kaseti yenye watu wangu ameitia kwenye dawati lake, chini ya viboko. Akasema niende jikoni, atawaambia wanipe sahani ya pili kila siku, na nisiwe na wasiwasi. Nilisema asante, mwarimu. Haikunigharimu tena kitu.

Mapumziko yalipofika shule nzima ilikuwa inajua. "Wahu, umekura?" "Kuja upange raini!" Msichana wa kidato cha kwanza, ambaye hata simjui, alibweka kama mbwa. Akello hakubweka. Alinipita na ndoo yake, akaniangalia usoni kama mtu anayetafuta kibonye, akaenda.

Waceke hakuniangalia kabisa.

29 Februari

Jikoni walinipa sahani mbili, mpishi akanisikitikia. Nilizipeleka nyuma ya stoo, Waceke huenda huko sasa kwa kuwa ndani kumefungwa.

"Sitaki huruma yako," alisema kabla sijafika.

"Sina huruma. Nimepewa mbili na tumbo ni moja."

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Shosho ndiye alikosea. Shosho ni wangu."

Alichukua sahani. Akageuka ukutani ale, nami nikageuka upande mwingine, tukala hivyo, migongo imeelekeana. Nilisikia kijiko chake kikienda haraka, halafu kikajikumbuka kikaenda polepole.

"Kwa hivyo yale yote ya Shosho ulikuwa unaandika wewe?"

"Ndiyo."

"Nilijua si shosho wa kweli. Wa kweli angeniambia nivute sketi."

Nilicheka. Yeye pia, kidogo. Halafu akanirudishia sahani tupu, ameipangusa na ugali mpaka inang'aa.

"Darasani usiniongeleshe," alisema. "Wataunganisha."

"Sawa."

Na nimefanya hivyo. Amekaa mbele yangu alasiri nzima, na nimeangalia kola yake.

1 Machi

Namkumbuka Shosho. Ni upuuzi, najua jibu lake kwa kila kitu.

2 Machi

Mawingu yamejipanga upande wa Kapseret lakini hayajaamua.

Mwalimu Kituyi alikuja dukani leo saa kumi. Alinunua mkate kama kawaida. Halafu akaniambia, "Mama, hebu tuchotee maji kidogo." Hakuna mtu aliyekuwa na kiu. Nilichukua mtungi nikakaa uani, na kupitia mabati nikasikia sauti zao, ya Kituyi ikipanda na kushuka kwa adabu, "Mzee Gathogo, sikuji kukulaumu, mzee mwenzangu, wote tumepata msiba," na ya Baba haipo kabisa. Nilingoja Baba aseme ni uongo. Aseme, mtoto wangu ndiye anapika, unga uko hapa, mafuta yako hapa.

Hakusema. Na nikaelewa hawezi. Tangu tumzike Mama, napika, nampakulia, namwekea sahani kwenye kaunta, na yangu naileta huku chumbani nakula juu ya kitanda. Hajaniona nikila karibu miaka miwili. Ameulizwa kama mtoto wake anakula, akatafuta kichwani mwake, hakukuta kitu.

Hilo ndilo linaniuma kuliko wale wanaobweka. Nilidhani nimejisingizia mimi. Kumbe nimemsingizia yeye, na yeye ameamini.

Kituyi alipoondoka, Baba alifunga duka. Jua bado liko juu. Hajawahi kufunga mapema isipokuwa wakati wa matanga. Hakuniita. Nilisikia akipampu jiko la stovu, akaangusha kifuniko, akasema "ai". Sasa kuna harufu ya kitunguu kinachoungua. Baba hajui kupika. Amechukua kisu kisicho chenyewe, nasikia kikigonga ubao.

Nikimwambia ukweli atapona leo hii. Atanyanyuka, atavaa kofia, atabeba gunia la unga begani mchana kweupe mpaka kwa kina Waceke, kwa wema kabisa, maana anamjua baba yake kanisani. Na mtaa mzima utatoka kuangalia lile gunia linaingia nyumba gani.

Sufuria imetolewa motoni. Anapakua. Anarudisha kijiko, anakichukua tena.

Anakuja. Ni viatu vyake, vile vya dukani, ila vinatembea taratibu kama vimebeba kitu kinachojaa. Amegonga mlango wangu kwa kiwiko. Mikono yote miwili imeshika, basi ni sahani mbili.

"Wahu. Sogea nikae."

Naiingiza karatasi hii chini ya godoro. Nimeshiba ya shule mpaka kooni. Nitakula yote